MREJESHO: Pweza na birika la kahawa

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza namna ya kupiga picha za vituko kwa samaki wabichi kabla macho yao hayajaingia ukungu. Asanteni sana.

Nilikwenda soko la samaki la Feri, hapa Mtwara, alfajiri kama mlivyoniambia. Ila kilichoniokoa ni ule ushauri wa kupanga meza ya picha usiku, viazi vikishika nafasi ya samaki. Pweza alipofika ilibaki kumvisha kofia tu: mkono mmoja kwenye mpini wa birika, mwingine umezunguka kikombe, vinyonyeo vimejipanga juu ya shaba kama vifungo vya shati. Mwanga wa dirishani, shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga, basi.

Aliyesema nipake mafuta ya kula, hapana mkuu. Yule samaki changu nilipompaka aling'aa kama bati jipya, nikawa naliona dirisha langu ubavuni mwake. Maji kidogo kwa brashi yalitosha.

Ngisi nilishindwa. Nilimwacha wa mwisho, zamu yake ilipofika ameshapauka, na barafu imelowesha kitambaa chote. Kamba mmoja alikwenda na paka.

Picha nne za maana kati ya sitini. Pweza alirudi kwenye barafu haraka, mchana tukamla na wali wa nazi.