Kahawa ya kopo au ya kusaga: ipi nimpelekee mzee?

Mtoto_wa_Ilala: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi naenda Korogwe kumwona baba, nataka nimbebee kahawa ya miezi miwili. Amezoea ya kusaga. Dada yangu anasema nimpe ya kopo, ndiyo nzuri kwa afya. Mke wangu anasema ya kopo ni kemikali tupu. Ipi bora?

Nesi_Mbagala: Umeacha yote ya msingi, ndugu yangu. Mzee ana miaka mingapi? Anaumwa nini? Vikombe vingapi kwa siku, na anaipikaje?

Mhaya_wa_Kamachumu: Chukua kopo. Africafe inatengenezwa Bukoba kwa buni zetu wenyewe. Kemikali gani? Kahawa inapikwa, maji yake yanakaushwa, unabaki unga. Wazee wetu walitafuna buni na wakaishi.

Mkibosho: Buni ya Bukoba ni aina ya robusta, kafeini yake karibu mara mbili ya ile aina ya arabika ya Kilimanjaro. Mzee anahitaji kahawa laini. Nunua ya kusaga ya Moshi.

Mhaya_wa_Kamachumu: Pima kwa kikombe, mkuu. Kijiko kimoja cha kopo kwa kawaida kina kafeini pungufu kuliko kikombe cha kusaga. Msiisingizie robusta.

Mama_Tangawizi: Jamani, ya kopo na ya vipakiti vyenye maziwa na sukari ndani si kitu kimoja. Mimi nilikuwa na kibanda cha chipsi, nasimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilikunywa vipakiti vile vinne, siku nyingine vitano, karibu mwaka mzima, nikijua nakunywa kahawa. Nikaanza kukojoa usiku kila saa, kiu haiishi, macho yanaona ukungu. Kupima, sukari iko juu. Daktari akaniambia nilete ninachokunywa. Akanisomea maandishi ya nyuma: cha kwanza kwenye orodha ni sukari, kahawa iko chini kabisa. Nililia pale pale. Someni nyuma ya pakiti, nawaomba.

Mtoto_wa_Ilala: Pole sana mama. Samahani wakuu, mzee ana miaka 68, ana presha, na mwezi uliopita lehemu (kolesteroli) ilikutwa juu. Anachemsha ya kusaga kwenye sufuria na tangawizi. Vikombe vitano, cha mwisho baada ya isha.

Nesi_Mbagala: Ungeanza na hilo! Kahawa ina mafuta yanayoitwa kafestoli, yanapandisha lehemu mbaya. Ikichemshwa bila kuchujwa yanabaki mengi kikombeni, na chujio la chai haliyazuii. Chujio la karatasi linayanasa karibu yote. Ya kopo nayo inayo kidogo sana. Kwa hiyo mzee ama kopo tupu lisilo na sukari, ama kusaga na karatasi. Na kile cha baada ya isha kiondoke, kinamkosesha usingizi na presha haipendi hivyo.

Mkibosho: Lakini kopo lina akrilamidi zaidi, ile kemikali inayotokea wakati wa kukaanga na inashukiwa kuleta saratani. Hilo husemi?

Nesi_Mbagala: Ni kweli inazidi. Ila mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliitoa kahawa kwenye orodha ya vinavyoshukiwa. Lililotahadharisha ni vinywaji vya moto kupita nyuzi 65. Apoze kwanza.

Mzee_wa_Kashata: Kahawa ipoe? Nimekunywa ya dele kijiweni miaka 30, masimbi yanatulia chini, kikombe kinaunguza kidole, na presha yangu iko sawa. Mzee mmwachie sufuria yake na wenzake wa barazani.

Mama_Tangawizi: Na kashata unakula ngapi kwa siku, baba?

Mzee_wa_Kashata: Mbili. Ya nazi, si ya karanga.

Mtoto_wa_Ilala: Hizo karatasi Kariakoo zinauzwa mtaa gani? Nina kesho tu.

Mkibosho: Moshi ningekuelekeza duka. Kariakoo sijui, labda supamaketi. Ila ukikosa, usimnunulie robusta.