Tupeane uzoefu: mafuta ya tangawizi kwa maumivu ya magoti na mgongo

mtoto_wa_mama
Wadau habari za jioni. Mama yangu ana miaka 67 magoti yamesagika, vidonge vya maumivu vimeshamharibu tumbo mpaka daktari kasema apunguze. Jirani kamletea kichupa cha mafuta ya tangawizi, anaogopa kuyapaka. Walioyatumia naomba mnieleze ilikuwaje, sio ya kusikia.

mpare_wa_Same
Sisi huku milimani tangawizi ndo zao letu, bibi alikuwa anatengeneza mwenyewe nami naendelea. Nakwangua tangawizi naianika kwanza maana ikiwa na maji mafuta yanachacha haraka, halafu naitia kwenye mafuta ya nazi, bakuli nalikalisha juu ya sufuria ya maji moto, moto mdogo kama lisaa hivi, nachuja na kitambaa. Mgongo ukinibana baada ya kulima nachuliwa nayo usiku, joto linaingia taratibu na nalala. Asubuhi kazi ikiwa nzito maumivu yanarudi, sidanganyi.

dada_K
Mama asipake kile kichupa hivihivi!! Mimi nilijimwagia kiunoni bila kuchanganya, dakika kumi nikawa nalia, ngozi nyekundu kama nimepaka pilipili. Nikakimbilia maji, wapi. Kilichonisaidia ni kufuta na mafuta ya kula kisha sabuni. Siku hizi matone 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya ufuta, basi, na kwanza najaribu kidogo mkononi nasubiri mpaka kesho yake. Macho na sehemu za siri mbali kabisa, na msinywe.

mchuaji_Moshi
Nachua wapagazi wanaoshuka Kilimanjaro, vigimbi vya miguu vimekaza kama mbao. Watu wanachanganya vitu viwili hapa. Ya kichupa yanatolewa kwa mvuke, yanabeba harufu, lakini jinjeroli, ile inayowasha ulimini, haipandi na mvuke, inabaki kwenye makapi. Ya mpare yanabeba sehemu yake kwa sababu tangawizi imelowekwa kwenye mafuta. Kwahiyo usishangae yakifanya kazi tofauti. Thailand walichua wazee 140 wenye maumivu sugu ya mgongo, utafiti ulitoka 2014, waliochuliwa kwa mafuta ya tangawizi walipata nafuu kuliko waliofanyiwa masaji ya kienyeji ya Kithai. Ila namna ya kuchua nayo ilikuwa tofauti, huwezi kuyapa mafuta sifa zote. Mimi mwenyewe naona mikono ni nusu ya dawa.

binti_wa_pwani
Mimi ni chango la hedhi, siku ya kwanza nilikuwa siendi kazini. Mama ananichua tumbo la chini na ya nazi yenye tangawizi, nakunywa na chai ya tangawizi, najifunika kanga. Sijui kipi kinafanya kazi kati ya hivyo vitatu na wala siachi hata kimoja. Napata nafuu, kazini naenda.

mjukuu_77
Babu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kliniki walimwambia asianze tangawizi kwa wingi bila kuwauliza, hata ya kupaka aseme. Na goti likivimba ghafla, jekundu, la moto, na homa juu, hiyo sio ya kuchua, hospitali siku hiyohiyo.

mtoto_wa_mama
Asanteni sana jamani, nimewasoma wote. Tulijaribu mkononi, hakuna kitu. Leo siku ya 9, namchua mwenyewe dakika 15 kila jioni, ufuta na matone kama alivyosema dada_K. Kusagika kupo palepale, ngazi bado anashika ukuta. Ila juzi usiku hakuniamsha, na jana kaswali amesimama, rakaa zote.