Kimbunga kinapoongezeka nguvu ghafla: koni ya utabiri isomweje?

Swali, kutoka kwa Msoma Ramani

Ndugu wanajukwaa,

Nimekuwa nikipitia upya taarifa ambazo Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, kilizitoa kuhusu kimbunga Ian mwaka 2022, na lipo jambo linalonitatiza. Siku chache kabla, mazungumzo karibu yote yalihusu mji wa Tampa, Florida. Tarehe 28 Septemba kimbunga kikaingia nchi kavu kwenye kisiwa cha Cayo Costa, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa mji huo, kikiwa na upepo wa takriban kilomita 240 kwa saa. Wako wakazi wa eneo la Fort Myers waliosema baadaye kwamba hawakudhani kinawahusu, ilhali katika ramani nyingi za siku hizo naona pwani yao imo ndani ya koni, yaani lile umbo linalopanuka kwenye ramani kuonyesha njia inayotarajiwa ya kimbunga, japo pembeni. Je, kasoro ilikuwa katika utabiri, katika mchoro wenyewe, au katika namna watu walivyousoma? Na kwa nini nguvu ya kimbunga hubadilika haraka kiasi cha kuwapita hata wataalamu?

Jibu la Nahodha Mstaafu

Ndugu, nianze na koni, kwa sababu nadhani ndiyo mchoro unaotazamwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi katika taarifa hizo. Koni haionyeshi ukubwa wa kimbunga wala eneo litakaloathirika. Inaonyesha tu mahali ambapo kitovu chake kinaweza kupita. Upana wake hupatikana kutokana na makosa ya utabiri ya miaka 5 iliyotangulia, na umepangwa ili kitovu kibaki ndani yake takriban mara 2 katika kila 3. Maana yake ni kwamba hata utabiri ukiwa wa kawaida kabisa, mara 1 katika 3 kitovu kitatoka nje. Isitoshe, upana huo ni uleule kwa msimu mzima, kiwe kimbunga kidogo kilichojikusanya au kikubwa ambacho upepo wake unafika mamia ya kilomita kutoka kwenye jicho, yaani kitovu chake.

Kwa Ian kulikuwa na tatizo la ziada, nalo ni la kijiometri. Kimbunga kilikuwa kikipanda kaskazini karibu sambamba na pwani ya magharibi ya Florida. Katika hali hiyo, mwelekeo ukigeuka nyuzi chache tu kuelekea mashariki, mahali pa kutua panahama makumi ya kilomita na saa za maandalizi zinapungua papo hapo. Kimbunga Charley kilifanya vivyo hivyo Agosti 2004: macho ya wengi yalikuwa Tampa, kikageukia Punta Gorda. Mstari wa katikati ya koni ndio unaopotosha, kwa kuwa jicho la msomaji huufuata kana kwamba ni barabara, na mtu aliye kando yake hujiona salama. Kituo hutoa pia ramani isiyo na mstari huo. Binafsi ningependa hiyo ndiyo itangulie.

Jibu la Mwalimu wa Jiografia

Nakubaliana na Nahodha kuhusu koni. Kuhusu nguvu, wataalamu husema kimbunga kimeimarika kwa kasi pale upepo wake unapoongezeka kwa angalau kilomita 55 kwa saa ndani ya saa 24. Masharti yake yanajulikana: maji ya bahari yenye joto hadi kina cha kutosha, hewa yenye unyevu, na pepo za juu zisizotofautiana sana na za chini, kwa maana tofauti hiyo huipinda nguzo ya mawingu na kuidhoofisha. Kigumu ni kujua lini hasa kitaanza, kwa sababu mengi hutegemea mambo yanayotokea karibu na jicho katika eneo la kilomita chache, wakati njia ya kimbunga huamuliwa na mikondo mikubwa ya hewa inayopimika kwa urahisi zaidi. Mfano mchungu ni Otis, Oktoba 2023: siku moja kabla kilikuwa dhoruba ya kitropiki, hatua iliyo chini ya kimbunga, na hakuna utabiri ulioashiria kilichofuata, kikatua karibu na Acapulco, Mexico, tarehe 25 kikiwa cha daraja la 5, la juu kabisa.

Niongeze kwamba daraja lenyewe hupima kasi ya upepo tu. Kimbunga Florence mwaka 2018 kilitua North Carolina kikiwa cha daraja la 1, na waliosikia kwamba kimeshuka walipumua, kisha mvua ikanyesha siku kadhaa na mito ikafurika.

Jibu la Mdau wa Maafa

Kwa heshima, ndugu zangu, tusiwatwike wasomaji lawama yote. Angalizo la kimbunga (kwamba kinawezekana) hutolewa takriban saa 48, na onyo (kwamba kinatarajiwa) saa 36, kabla ya kuwasili kwa upepo wa nguvu ya dhoruba ya kitropiki, si kabla ya jicho kufika. Utaratibu huo umewekwa hivyo kwa sababu upepo huo ukishaanza, kuziba madirisha au kuendesha gari ni hatari. Lakini amri ya kuhama hutolewa na wilaya. Hillsborough, ilipo Tampa, iliamuru tarehe 26. Lee, ilipo Fort Myers, ikaamuru asubuhi ya tarehe 27, na alasiri ya siku iliyofuata kimbunga kilikuwa kimetua. Kwa mzee asiye na gari, muda huo ni mfupi mno.

Tena, wengi walipima hatari kwa kumbukumbu ya kimbunga Irma cha mwaka 2017, ambacho hakikuwaletea maji ya kiwango hicho. Ian kilisukuma bahari hadi kina cha mita 3 na zaidi juu ya ardhi katika Fort Myers Beach, na vifo vingi vilivyosababishwa nacho moja kwa moja vilitokana na maji hayo. Onyo la bahari kufurika limekuwa likitolewa peke yake tangu 2017, lakini koni bado ndiyo hutawala skrini.

Msoma Ramani

Nimeelewa. Swali dogo la nyongeza: ile michoro yenye nyuzi nyingi za rangi inayosambazwa mitandaoni ina thamani gani?

Nahodha Mstaafu

Kila uzi ni matokeo ya modeli moja, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria njia ya kimbunga, na baadhi ya modeli hizo ni sahili mno kuliko nyingine, ingawa mchoro hauzitofautishi. Zikikusanyika pamoja, kuna makubaliano. Zikitawanyika, mashaka ni makubwa, basi. Usichukue uzi mmoja ukaufanya habari. Taarifa kamili za Miami hutoka kila baada ya saa 6, na za kati kila baada ya saa 3 pwani ikiwa tayari chini ya angalizo au onyo, kwa hiyo kabla ya kusambaza picha yoyote, tazama kwanza saa iliyoandikwa juu yake.