Gambiti ipi inalipa kwa dakika 15: Mfalme, Evans au Morra? Au nibaki na London?

Mzizima_e4
Wakuu, salaam. Nina miaka mitatu kwenye chesi. Jumamosi nacheza na wenzangu hapa Sinza, usiku nacheza mtandaoni kwenye Lichess. Nikiwa na kete nyeupe huwa nacheza Mfumo wa London tu: d4, askofu f4, e3, c3 (herufi na namba ni mraba kete inapokwenda; pasipotajwa kete ni askari). Sipigwi mapema, lakini mchezo wa leo unafanana na wa jana. Juzi nimetoka sare na kijana wa kidato cha pili, tunakusanya kete akaniuliza, "Kaka, kwani wewe huwa hushambulii?" Swali limenikaa kichwani wiki nzima.

Nataka kuhamia e4 na nichukue gambiti moja, yaani ufunguzi wa kutoa askari mapema ili kushambulia, niifanyie kazi kweli. Ninazozipima: Gambiti ya Mfalme (1.e4 e5 2.f4), Evans (1.e4 e5, farasi f3, askofu c4, halafu b4), na Morra dhidi ya Sisiliani, yaani mweusi akijibu c5 (1.e4 c5 2.d4). Saa zetu ni dakika 15 kila mtu na nyongeza ya sekunde 5. Nishaurini.

BabaVizibo
Mkuu, mimi nimetokea kwenye drafti, kijiweni Kariakoo, tunacheza na vizibo vya soda. Kule kulisha ndiyo utamu wenyewe: unatoa moja, unakula tatu. Nilipoanza chesi nikadhani gambiti ni kulisha kulekule, nikapigwa miezi sita mfululizo.

Tofauti ni hii. Kwenye drafti ukilishwa lazima ule, kwa hiyo anayelisha anajua kabisa mwenzake atatua wapi. Kwenye chesi hakuna wa kumlazimisha. Anaweza kukataa, au akala kisha akarudisha pale anapotaka yeye. Na faida yako huioni kwa kuhesabu kete, unaiona kwa kuhesabu miendo: yeye ametumia mwendo kula, wewe umetoa farasi. Usipoitumia hiyo miendo mapema, yeye atamaliza kupanga jeshi lake na wewe utabaki na askari pungufu tu.

Kura yangu ni Gambiti ya Mfalme. Nenda kaangalie mchezo wa Anderssen na Kieseritzky, London 1851. Anderssen alitoa askofu, ngome zote mbili na malkia, akamaliza kwa farasi wawili na askofu mmoja. Nimeupanga ubaoni sijui mara ngapi na bado mwili unanisisimka.

Mwl_Mbagala
BabaVizibo, hapo kwenye kulisha umeeleza vizuri kuliko ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Kwenye kura ndipo tunapoachana.

Tazama f4 inafanya nini kabla hujatazama inashambulia nini. Inafungua mshazari wa kutoka h4 hadi e1, yaani njia ya malkia mweusi kuja kumpa mfalme wako sheki. Spassky alimfunga Fischer, wote wawili waliokuja kuwa mabingwa wa dunia, kwa gambiti hiyo Mar del Plata mwaka 1960, na mwaka uliofuata Fischer akaandika makala kwamba imekufa, dawa yake ni kula f4 kisha kusogeza d6. Sawa, Fischer huyohuyo akaja kuicheza mwenyewe mwaka 1963, kwa hiyo haikufa. Lakini inataka mtu aliyeisoma sana, na mfalme wake ana roho ngumu.

Evans ni kitu kingine. Aliyeibuni ni nahodha wa meli kutoka Wales, William Davies Evans, miaka ya 1820. Unatoa askari wa b, askofu wake anakula b4, wewe unasukuma c3 na kumfukuza, kisha d4. Umepata nini? Katikati yote ni yako, na mfalme wako hujamvua nguo hata kidogo. Bingwa wa dunia Kasparov alimchezea Anand gambiti hii Riga mwaka 1995 na akamshinda kwenye mwendo wa 25. Anand huyo, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, si mtu wa kubahatisha.

Ila jiandae na ulinzi wa Lasker: askofu a5, d6, halafu askofu anarudi b6. Hang'ang'anii askari, anamrudisha kwa hiari ili mbadilishane malkia na wewe ubaki na askari waliovunjika upande wa malkia. Usikubali mabadilishano hayo. Peleka malkia b3.

Dada_Feri
Wote mmesahau kuuliza: hao wapinzani wako wanacheza nini? Mimi navuka Kigamboni kuja kucheza mjini, na zaidi ya nusu ya ninaokutana nao wanajibu c5. Evans yako itakaa kabatini. Kwa hiyo Morra lazima uijue hata kama hutaipenda.

Mfano. 1.e4 c5 2.d4, anakula, 3.c3, anakula, farasi wako anakula c3. Yeye farasi c6, wewe farasi f3, yeye d6, wewe askofu c4, yeye farasi f6. Mwendo wa kawaida kabisa, hata mimi nimeshaucheza. Sasa sukuma e5! Akila kwa askari, badilishaneni malkia. Akirudishia kwa farasi, farasi wako anaingia b5 na anataka c7, mfalme na ngome kwa pamoja. Akirudishia kwa mfalme, farasi mwingine anaruka g5 na f7 inaanguka.

Ila mitego ya Stafford na Englund, gambiti za mwenye kete nyeusi, achana nayo. Englund (1.d4 e5) inategemea mpinzani aweke askofu c3 ili malkia wako apate mati (amfunge mfalme) pale c1. Akiweka farasi c3 badala yake, umebaki na malkia anayezurura tu. Morra ukikosea unajifunza kitu. Pale unasubiri mwenzako asijue tu.

Kiti_cha_Nyuma
London msiionee. Kama tatizo ni kuchoka, hata Gambiti ya Malkia ingemtosha, na ile si gambiti hasa maana askari wa c4 hurudi kirahisi. Mtu mwenye kazi na familia atapata wapi muda wa kusoma yote haya?

Mwl_Mbagala
Muda huohuo anaoutumia kutoka sare, mkuu.

Mzizima_e4
Wakuu, nimerudi na majibu. Jumamosi nimecheza Evans mara mbili.

Wa kwanza ni yuleyule kijana. Alikula b4, akala d4, akala na c3. Nilimficha mfalme pembeni, malkia b3, yeye malkia f6, mimi e5, yeye malkia g6. Nikala c3 kwa farasi. Askari wawili pungufu, lakini kete zangu zote zinatazama upande mmoja. Hapo akaweka mikono masikioni na hakuinua kichwa. Alipocheza, saa yake ilionyesha dakika 4, yangu 11. Aliharakisha, akaacha f7, ikaisha.

Wa pili ni mzee mmoja mhasibu. Alicheza Lasker mwendo kwa mwendo, na mimi kwa hofu nikabadilishana malkia. Nilipigwa mwendo wa 51, taratibu, askari wangu wa c na wa a wakiokotwa mmoja mmoja. Mwalimu, shikamoo, ulisema.

Nimeamua: Evans kwa e5, Morra kwa c5. Swali limebaki moja. Nikitoa askofu c4 na yeye badala ya askofu c5 akatoa farasi f6, b4 haina maana tena. Nafanyaje?

Mwl_Mbagala
Marahaba. Sukuma d4. Akila, mfiche mfalme. Akila e4 kwa farasi, ngome e1. Akilinda kwa d5, askofu wako anakula d5, malkia wake anakula askofu, na wewe unaweka farasi c3. Utaona askari wake wa d4 anaweza kumla huyo farasi. Panga ubao, tafuta mwenyewe kwa nini hathubutu, kisha uje utuambie.