PEG ndani ya tabaka za nano: mbona inachelewa kuganda?

Swali: Wakuu, PEG yangu (polyethilini glikoli, polima inayofanana na nta) ikiwa chupani huganda mapema tu ikipoa. Nikiifungia kwenye filamu iliyochorwa kwa miale miwili ya leza, inapoa sana na bado haijaganda. Kwa nini?

Mkemia: Chupani kuna chembe za uchafu; fuwele ikianzia hapo, inaenea kote. Kwenye filamu, miale miwili ikikutana hufanya mistari ya mwanga na giza. Monoma (molekuli ndogo zilizochanganywa na PEG) huungana kuwa plastiki ngumu penye mwanga, PEG inasukumwa kwenye mistari ya giza na kuwa tabaka nyembamba. Ikikatika vifuko vidogo visivyo na uchafu, kila kifuko lazima kianzishe fuwele yake chenyewe. Hapo baridi zaidi inahitajika.

Muulizaji: Shukrani mkuu. Na mwelekeo wa fuwele?

Binti Leza: Nafasi ikibana, hukua kufuata tabaka. Piga eksirei uone. Kisha pasha hadi nyuzi 65 za Selsiasi: fuwele zikiyeyuka, mwanga unaoakisiwa unabadilika. Naipenda mno hatua hiyo!