Makumbusho ya bure London, siku mbili nazigawaje?

zurura_tu
Wadau habari zenu. Mwezi ujao nina siku mbili London, Alhamisi na Ijumaa, hela yote imeishia kwenye ndege na hoteli, sasa nasikia makumbusho makubwa ya pale hayana kiingilio. Ni bure kweli au ukifika mlangoni unakutana na stori nyingine? Nataka nione British Museum, ya dainosaria, ya sayansi, ya michoro, yaani yote.

mama_safari
Bure kweli, yale ya taifa hayatozi kiingilio kwa mtu yeyote tangu 2001. Mlangoni kuna maboksi ya michango, unacho toa, huna pita zako. Kinacholipiwa ni yale maonyesho maalum ya muda. Ila yote kwa siku mbili sahau ndugu yangu. Mimi siku ya kwanza niliingia matatu, jioni miguu inawaka moto na nilichokumbuka ni vyoo viko wapi tu 😂

kobe74
Gawa kwa mtaa. South Kensington yako matatu jirani kabisa, Natural History, la sayansi na V&A (Victoria and Albert, la sanaa na ubunifu), ukishuka treni kuna njia ya chini kwa chini inakutoa karibu na mlango, hata mvua haikupati. Natural History simama kwanza chini ya mifupa ya yule nyangumi anayening'inia ukumbini, mita 25 mzee, ndo uende kwa dainosaria. British Museum iweke Ijumaa maana wanachelewa kufunga, jioni wanafunzi washaondoka. Chukua tiketi mtandaoni hata kama ni bure. Na begi la magurudumu acha hotelini, hawaliruhusu.

mama_safari
Hapo British watu wote wanarundikana kwenye jiwe la Rosetta, lile la kale la Misri lenye maandishi, utaona simu zao tu. We teremka chini chumba namba 25, cha Afrika, kumetulia. Kuna zile sanamu na vibao vya shaba vya ufalme wa Benin (Nigeria ya leo) walivyobeba wanajeshi wa Uingereza 1897, sogea karibu uone shanga za mfalme zilivyopangwa mistari mpaka kidevuni. Hasira zikikupanda usishangae, mimi zilinipanda.

zurura_tu
Haya michoro naiacha. Ijumaa naanzia huko chini. Msosi je, naingia nao?

kobe74
Ingia nao ila usile vyumbani. Mi nilikula nje kwenye ngazi, njiwa wamenizunguka kama wananidai.