Prosesa niibane hadi kasi gani ili mashine isichemke na chaji ikae?

msomaji_wa_sauti aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya wasioona. Natumia kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel Core i5-8250U, RAM GB 8, Windows 10. Kinachonisumbua ni joto. Nikifungua programu ya kuhariri sauti pamoja na kivinjari chenye kurasa nyingi, feni inaanza kuvuma na mvumo wote unaingia kwenye maikrofoni. Pale juu ya kibodi, usawa wa F5, hapashikiki. Chaji nayo inakata kabla sijamaliza sura ndefu.

Niliingia kwenye mipangilio ya umeme, palipoandikwa "Maximum processor state", nikaweka asilimia 50. Feni ilinyamaza kabisa, ila kuondoa kelele kwenye faili moja la sauti, kazi ambayo huwa naimaliza upesi, ikawa ya kukaa na kungoja. Kwa wanaojua, pa katikati ni wapi? Na je, kuibana prosesa namna hii kunaiharibu?

joto_na_wati alijibu:

Mkuu, kwanza ondoa hofu: kuibana hakuharibu chochote. Prosesa hiyo imetengenezwa ipande na kushuka kasi yenyewe kila wakati, na joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi inajipunguza bila kukuuliza. Unachofanya wewe ni kuiwahi kabla haijafika huko.

Sasa hiyo 50. Kasi ya msingi ya i5-8250U ni GHz 1.6, na kwa Turbo Boost (nyongeza ya kasi ya muda inayojiwasha yenyewe) inafika GHz 3.4. Asilimia za kwenye mipangilio ile zinahesabiwa kutoka kasi ya msingi, siyo kutoka kilele. Kwa hiyo ulipoweka 50 uliiteremsha hadi karibu nusu ya kasi ya msingi. Ndiyo maana ulingoja vile! Weka 99. Hapo Turbo inazimika na prosesa inabaki jirani na kasi yake ya msingi.

Kwa nini Turbo ndiyo ya kushughulikia kwanza? Ili prosesa iende kasi zaidi, inabidi ipewe volti zaidi, na umeme inaokula unakua kulingana na kasi mara volti mara volti. Tuseme kasi imepanda asilimia 20 na volti nayo imepanda asilimia 20: 1.2 mara 1.2 mara 1.2 ni 1.73. Yaani umepata kasi asilimia 20 zaidi, umelipa umeme asilimia 73 zaidi, na umeme wote huo unatoka kama joto ambalo feni lazima ilifukuze. Huko juu kabisa ndiko unakolipa sana na kupata kidogo. Ukikata huko, unaokoa mengi na hupotezi mengi.

kivuli_cha_mwembe alijibu:

Naunga mkono, ila niongeze jambo ambalo watu hulisahau. Kushusha chini kupita kiasi hakuongezi chaji, na wakati mwingine kunaipunguza. Kazi inayochukua muda mrefu inawaweka macho skrini, RAM na diski muda wote huo, na prosesa yenyewe inachelewa kwenda kulala. Prosesa za sasa zikimaliza kazi huingia kwenye usingizi mzito ambapo hazili karibu chochote, kwa hiyo kuna faida kuziacha zimalize.

Vilevile, kama unasoma maandishi tu na prosesa imetulia, kuibana hakutakupa kitu. Wakati huo mlaji mkubwa huwa skrini. Punguza mwanga.

Na kagua matundu ya hewa. Vumbi likiganda kati ya feni na zile pezi nyembamba za shaba au alumini, hewa haipiti, na hakuna mipangilio itakayokusaidia mpaka lisafishwe.

terminali_nyeusi alijibu:

Kwa watakaokuja hapa wakiwa na Linux na prosesa ya Intel: andika 1 kwenye `/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo` ukiwa na mamlaka ya root (msimamizi mkuu), Turbo inazimika papo hapo. Ukiwasha upya inarudi, kwa hiyo kwa kudumu tumia TLP, programu ya kubana matumizi ya umeme, na uweke `CPU_BOOST_ON_BAT=0`. Msichanganywe na jina la gavana (kanuni inayoamua kasi ya prosesa) liitwalo "powersave". Kwenye intel_pstate, kiendeshi cha Linux cha kuongoza kasi ya prosesa za Intel, gavana huyo haifungi prosesa kwenye kasi ya chini, kasi inapanda na kushuka kulingana na kazi.

Mtaona pia ushauri wa kupunguza volti moja kwa moja. Tangu udhaifu wa kiusalama wa Plundervolt, unaotumia kushusha volti kushambulia prosesa za Intel, ulipotangazwa mwaka 2019, masasisho ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) yameifunga njia hiyo kwenye mashine nyingi. Msihangaike nayo.

msomaji_wa_sauti alijibu:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeweka 99: wakati wa kurekodi feni haisikiki, na F5 naweza kulaza kidole. Ila kusafisha sauti bado kunavuta muda kuliko ningependa. Hakuna namna ya kuiruhusu ifike, tuseme, GHz 2.4 na isizidi hapo?

joto_na_wati alijibu:

Ipo, na kwa kazi yako naona inafaa kuliko 99. Rudisha asilimia ziwe 100, kisha fungua terminali kama msimamizi uandike:

`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_processor PROCFREQMAX 2400`

`powercfg /setactive scheme_current`

Namba hiyo ni megahezi. "dc" inahusu ukiwa kwenye betri. Kwa wakati umechomeka chaja, rudia amri ileile kwa `setacvalueindex`, na huko unaweza kuweka kubwa zaidi siku za kuhariri tu. Ukitaka kuondoa kikomo chote, weka 0 mahali pa 2400, halafu rudia ile amri ya pili.